Gumzo la riadha Rashidiya: kutoka baraza ya mawe hadi skrini ya Ghuba

Rashidiya ni mtaa wa makazi ulio kusini-mashariki ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa Dubai, jirani na Mirdif na Nad Al Hamar. Jina lake huhusishwa na Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyetawala Dubai kuanzia 1958 hadi 1990, ambaye wakati wake mji ulitoka ukingoni mwa hori na kuenea jangwani. Nyumba nyingi za mtaani ni za familia za wenyeji: ukuta, lango, ua, na karibu na lango majlis, yaani chumba cha wageni, yenye mlango wake, ili mgeni aingie bila kupita penye watu wa ndani. Tarehe 9 Septemba 2009 njia nyekundu ya treni za Dubai ilifunguliwa, na Rashidiya ikawa mwisho wa njia upande huo wa mji, kabla stesheni hiyo haijapewa jina la Centrepoint. Tangu hapo mtaa una watu wa aina mbili: wanaokaa, na wanaoshuka treni kuelekea kazini au kubadilisha basi. Katika makundi yote mawili wamo wasemaji wa Kiswahili, na gumzo lao la michezo lina historia ndefu kuliko reli hiyo.

Historia hiyo huanzia baharini. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu na delta ya Rufiji. Nyumba za zamani za Dubai ziliezekwa kwa boriti hizo, na upana wa vyumba vyake ulitegemea urefu wa mti wa Afrika Mashariki. Mabaharia walikaa pwani kwa miezi wakingoja upepo ugeuke, na kungoja huko kulikuwa ni kuzungumza. Upande mmoja wa safari palikuwa na baraza, ile ya mawe inayoshikana na ukuta wa nyumba na kutazama njia. Upande wa pili majlis. Mwaka 2015 UNESCO iliiingiza majlis katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman na Qatar. Kahawa, tende na salamu ndefu ni za pande zote mbili, lakini kuna tofauti inayogusa ubishi wa michezo moja kwa moja. Baraza iko nje na haina mwenyeji: apitaye hutia neno lake na kwenda zake. Majlis ina mwenye nyumba, na mgeni hampingi mwenye nyumba kwa sauti ya juu. Kwa kubishana nani alikuwa mkimbiaji bora, baraza inafaa zaidi, na ndiyo maana Waswahili wa Ghuba hawakuiacha hata pale walipokosa mawe ya kuijengea. Viti vya plastiki mbele ya duka la chai vilitosha.

Wimbi kubwa la watu lilikuja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Wengi waliokimbia walipata makao Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya nchi hiyo warudi, na wengine waliishia Dubai na Abu Dhabi. Huko baadhi yao walipata uraia. Wengine walikaa miongo kadhaa bila utaifa unaotambulika, na kuanzia 2008 watu wa namna hiyo katika Falme za Kiarabu walianza kupewa pasi za Komoro, visiwa ambavyo wengi hawajawahi kuvikanyaga. Jambo hilo lina nafasi yake katika habari za riadha, kama itakavyoonekana.

Waliofika miaka hiyo walikuwa watu wa redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa hewani tangu 1957, na masafa mafupi hayakujali mipaka. Riadha, kuliko mpira, ni mchezo unaosikika vizuri redioni: majina machache, raundi zinazohesabika, saa inayokwenda. Kwa njia hiyo Kipchoge Keino wa Kenya aliingia barazani. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, mjini penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, alimwacha Jim Ryun wa Marekani kwa kiasi cha mita 20 katika mita 1,500, akitumia dakika 3 na sekunde 34.91. Michezo hiyo hiyo ilitoa habari ya pili, ya John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeumia goti katika marathoni na kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Keino alisimuliwa kwa saa yake, Akhwari kwa mguu wake uliofungwa bendeji, na pengine ndiye wa pili aliyewafungulia watu njia ya kusema habari zao wenyewe.

Hakuna mbio zilizobishaniwa na Waswahili kama zile za Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, askari huyo kutoka Karatu aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho wa mita 1,500, jambo ambalo makocha wa wakati ule waliliona ni kujimaliza. Alimaliza kwa 3:32.16 na kuivunja rekodi ya dunia ya Ryun. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Mwaka uliofuata, Kingston, Bayi alivunja rekodi ya maili kwa 3:51.0. Pambano la marudio na Walker lilitarajiwa Montreal 1976, halikuwapo. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ziligoma kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 akawa Walker, mtu wa nchi iliyogomewa. Kenya ilikosa tena Moscow 1980, ambako Bayi alipata fedha katika kuruka viunzi na maji na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Kwa hiyo Mkenya Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja. Ubishi wa aina hii hauna mwisho kwa kuwa hauna ushahidi, nao ndio baraza huupenda.

Televisheni ilifika kwa mpangilio wa ajabu. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962. Dubai ilipata kituo mwaka 1969, kilichoanzishwa kwa msaada wa Kuwait. Zanzibar ilianza matangazo ya rangi mwaka 1973, mapema kuliko sehemu nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Familia moja iliyotawanyika Unguja, Dubai na Dar es Salaam ingeweza kuwa na matawi mawili yenye picha na la tatu lenye redio tu, kwa miaka ishirini. Hata hivyo picha ya Ghuba haikuwa ya riadha: ilikuwa ya mpira, ngamia na farasi. Falme za Kiarabu zilifika Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia, na mpira ukajaa katika kila majlis.

Madishi ya setilaiti ndiyo yaliyogeuza mambo katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 Al Jazeera Sport, ambayo sasa ni beIN, ilianza kurusha michezo kutoka Doha. Mwaka huo huo riadha ikapata kisa ambacho hakuna mtazamaji wa Ghuba mwenye asili ya Afrika Mashariki aliyeweza kukipita kimya. Stephen Cherono, kijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, alipewa uraia wa Qatar na jina la Saif Saaeed Shaheen. Wiki chache baadaye, katika mashindano ya dunia ya Paris, aliwashinda Wakenya katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Kenya huzihesabu kuwa mali yake. Ndugu yake mkubwa, Christopher Kosgei, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka 1999 kwa jina la Kenya. Ndugu mwingine, Abraham Cherono, alikimbia fainali hiyo hiyo ya Paris akiwa na fulana ya Kenya. Magazeti yaliandika kwamba Qatar ilimwahidi dola 1,000 kwa mwezi maisha yake yote.

Kenya ilijibu kwa kanuni. Mwanariadha aliyebadilisha nchi alitakiwa kungoja miaka mitatu kabla ya Olimpiki isipokuwa nchi yake ya zamani ikubali kumwachilia, na Kenya haikukubali. Athens 2004 Wakenya walichukua nafasi zote tatu, Ezekiel Kemboi akiwa mbele, huku Shaheen akiwa nje. Mnamo Septemba 3 alikimbia Brussels kwa 7:53.63, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2023, ilipovunjwa na Lamecha Girma wa Ethiopia.

Hapa gumzo la riadha la Ghuba linaachana na la Eldoret au Arusha. Keiyo, kijijini kwao Cherono, suala lilikuwa la usaliti. Kwa anayetazama akiwa Dubai halikuwa jepesi hivyo, kwa sababu naye aliondoka kwao kwa ajili ya ujira, au baba yake aliondoka kwa kufukuzwa, na pasi aliyonayo huenda haifanani na anakotoka. Mlinzi wa zamu ya usiku aliyemlaani Cherono alipaswa kueleza yeye mwenyewe alikuja kufanya nini. Mzee mwenye pasi ya Komoro aliweza kuuliza kwa nini mkimbiaji apewe uraia ndani ya mwezi mmoja. Orodha ikaendelea kukua: Ruth Jebet, mzaliwa wa Kenya, aliipa Bahrain dhahabu ya Olimpiki Rio 2016 katika mbio hizo hizo za viunzi na maji, na Alia Saeed Mohammed, mzaliwa wa Ethiopia, alishinda mita 10,000 kwa Falme za Kiarabu katika Michezo ya Asia ya Incheon 2014. Mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la riadha lilisimamisha uhamisho wote, na mwaka 2018 likatoa kanuni mpya: kungoja miaka mitatu, kuhama mara moja tu, na si kabla ya kutimiza miaka 20.

Wakati huo huo wakimbiaji walikuwa wakija wenyewe, bila kubadilisha chochote. Mwaka 2008 marathoni ya Dubai iliweka dola 250,000 kwa mshindi na milioni moja kwa rekodi ya dunia. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipita nusu ya mbio kwa dakika 61 na sekunde 27, kasi ya pupa, akamaliza kwa 2:04:53, nje ya rekodi yake kwa chini ya nusu dakika. Akarudi kushinda 2009 na 2010, na baada yake Waethiopia wameitawala. Wakenya walipata kwao Ras Al Khaimah, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Nusu marathoni ya kwanza huko, mwaka 2007, ilikwenda kwa Samuel Wanjiru aliyekuwa na miaka 20, kwa 58:53. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa Olimpiki Beijing. Mary Keitany aliweka rekodi ya dunia huko mwaka 2011, 1:05:50, na Peres Jepchirchir akaishusha hapo hapo mwaka 2017 hadi 1:05:06. Majira ni Januari na Februari, kabla joto halijarudi, na njia ni tambarare.

Joto lilionyesha makali yake Doha 2019, mashindano ya dunia ya kwanza ya riadha kufanyika Mashariki ya Kati. Marathoni ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane na bado wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya, aliyekuwa ameshinda Dubai mwezi Januari kwa 2:17:08, alishinda Doha kwa 2:32:43. Tofauti hiyo ya robo saa kwa mtu mmoja katika mwaka mmoja inaeleza kazi ya nje katika Ghuba kuliko ripoti nyingi, na mjenzi au mpeleka chakula kwa pikipiki hakuhitaji mtangazaji kumfafanulia.

Nani hutazama, na lini, hupangwa na ratiba ya kazi. Mapumziko ya juma katika Falme za Kiarabu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa hadi 2006, yakawa Ijumaa na Jumamosi, na tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikiwa nusu siku. Marathoni ya Dubai, iliyokuwa ya Ijumaa asubuhi, ikahamia Jumapili. Mtumishi wa ndani na mlinzi hawafuati kalenda hiyo. Siku yao ya mapumziko huwekwa na mwajiri, na mbio nyingi huzitazama kwenye simu, zamuni au ndani ya basi, kisha hubishana kwa ujumbe wa sauti. Dubai iko saa moja mbele ya Nairobi na Dar es Salaam lakini nyuma ya Asia ya mashariki, kwa hiyo mbio za asubuhi za huko huangukia alfajiri. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 15, 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alipomaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa 2:09:48, muda sawa na Amanal Petros wa Ujerumani, na picha ya mstarini ikampa Tanzania ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa riadha kwa tofauti ya sekunde 0.03. Petros alizaliwa Eritrea.