Kutoka Mali Kauli Hadi Mfuko wa Dhamana: Historia Fupi ya Mtaji wa Mfanyabiashara Mdogo Kigali

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Seremala wa Gisozi, mshonaji wa Nyamirambo na muuza nafaka wa Kimironko wote waijua maana ya msemo huo kila waendapo kuomba mkopo. Ufundi wanao, wateja wanao, lakini mkopeshaji huwauliza swali moja: mna nini cha kuweka rehani? Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa hapa Kigali kwa nyakati mbalimbali, na jinsi serikali ilivyofikia kujitwika sehemu ya mzigo wa kujibu. Jambo hili latuhusu sisi walimu wa lugha pia, kama tutakavyoona mwishoni.

Kabla ya benki kulikuwa na kauli. Katika karne ya kumi na tisa, kwenye njia za misafara zilizotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, mfanyabiashara mdogo aliweza kupewa nguo na shanga bila kulipa, akaenda kuuza, kisha akarudi kumlipa mwenye mali. Bidhaa hizo ziliitwa mali kauli, kwa kuwa kilichowekwa rehani ni neno la mtu na jina lake. Dk. Richard Kandt alipouanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, watu waliokuja pamoja na utawala wa Kijerumani, askari, wapagazi na wachuuzi, wengi wao walitoka katika ulimwengu huo. Lugha yao ya biashara ilikuwa Kiswahili, na mtaa wao ukaja kuwa chimbuko la Biryogo na Nyamirambo.

Wenyeji wa Rwanda nao walikuwa na desturi zao za kusaidiana. Hadi leo kikundi cha watu wanaochanga fedha na kupokezana kwa zamu huitwa ikimina kwa Kinyarwanda, nasi kwa Kiswahili twasema upatu. Katika upatu, kama ilivyokuwa katika mali kauli, rehani ni kujuana. Udhaifu wake ni kwamba fedha za kikundi haziwezi kupita uwezo wa wanachama wake. Upatu waweza kununua cherehani. Ni vigumu kujenga karakana.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 hawakulitatua tatizo hilo. Benki za kikoloni ziliwekwa kwa ajili ya utawala na makampuni makubwa. Jitihada ya kutajwa ya miaka hiyo ni chama cha ushirika cha TRAFIPRO, kilichoanzishwa Kabgayi mwaka 1956 chini ya misheni ya Kikatoliki. Jina lake lilifupisha maneno matatu ya Kifaransa yenye maana ya kazi, uaminifu na maendeleo. Yafaa tuliangalie neno la kati, kwani kwa mara nyingine uaminifu ulihesabiwa kuwa mtaji.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 Rwanda ilijijengea vyombo vyake vya fedha. Benki Kuu ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1967 ikafuata Benki ya Maendeleo ya Rwanda, ijulikanayo kwa herufi BRD, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa mikopo ya muda mrefu kwa miradi ya uzalishaji. Lakini benki ya namna hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye kibanda sokoni. Kwa mtu wa chini, hatua kubwa zaidi ilitokea mbali na mji mkuu: mwaka 1975 benki ya kwanza ya wananchi ilifunguliwa Nkamba, katika mkoa wa Kibungo wa wakati huo, kwa msaada wa Waswisi. Hizi zilikuwa benki za wanachama, zikienea kidogo kidogo kwa kufuata hekima ya haba na haba.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliua watu, na yakaharibu pia kile ambacho mali kauli na upatu vilitegemea, yaani imani baina ya jirani na jirani. Benki ziliporwa, na fedha za taifa zikachukuliwa na waliokimbilia Zaire. Kujenga upya majengo lilikuwa jambo la miaka michache. Kujenga upya amana ni kazi ndefu zaidi. Kisha mwaka 2006 taasisi kadhaa za mikopo midogo zikafilisika, hata serikali ikalazimika kuwarudishia waweka akiba sehemu ya fedha zao.

Katika hali hiyo ndipo serikali ilipochukua hatua zilizoshikamana. Sheria ya mwaka 1999 ilikuwa imempa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume. Kuanzia mwaka 2009 ardhi ya nchi nzima ikapimwa na kuandikishwa, zaidi ya vipande milioni 10, hivyo wengi wakapata hati inayoweza kuwekwa rehani. Mwaka huo huo vikaanza vyama vya kuweka na kukopa vya Umurenge SACCO, kimoja kwa kila tarafa, jumla 416. Sera ya mwaka 2010 ikabainisha nani ahesabiwe mfanyabiashara mdogo: mwenye wafanyakazi 4 hadi 30. Mwenye wafanyakazi wasiozidi 3 aliwekwa katika daraja la chini zaidi.

Hata hivyo, walibaki wengi wasio na hati wala nyumba. Kwa ajili yao ukaanzishwa, mwaka 2011, Mfuko wa Maendeleo ya Biashara, au BDF, chini ya BRD. Mfuko huu humdhamini mkopaji mbele ya benki au chama cha mikopo: kwa kawaida nusu ya mkopo, na kwa wanawake na vijana hadi asilimia 75. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga maduka, serikali ilitangaza mwezi Juni 2020 mfuko wa kufufua uchumi wa faranga bilioni 100. Nusu hivi ilitengewa mahoteli, na wafanyabiashara wadogo wakapata fungu lao.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohusika. Watu wengi husikia neno dhamana wakadhani ni sadaka ya serikali. Sivyo. Mdhamini humkinga mkopeshaji asipate hasara. Deni la mkopaji halifutiki. Asiyelipa atadaiwa, na kitu chake chaweza kupigwa mnada. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Kinyarwanda hutofautisha ingwate, kitu kinachowekwa rehani, na umwishingizi, mtu anayesimama kwa ajili ya mwenziwe. Kiswahili nacho kina rehani na mdhamini, lakini katika mazungumzo neno dhamana hubeba maana zote mbili, na msikilizaji huchanganyikiwa. Riba vilevile ni neno la hesabu darasani, lakini katika mtaa wenye Waislamu wengi kama Biryogo ni neno la dini pia, na mwalimu hana budi kuzieleza maana zote mbili.

Tangu Bunge lilipokubali mwaka 2017 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda, tumekuwa tukishughulika na sarufi na ushairi, na ni vyema. Lakini mwanafunzi wetu wa leo ndiye mkopaji wa kesho. Twapendekeza, basi, kwamba masomo yetu ya ufahamu yawe na mkataba wa mkopo, fomu ya maombi na hesabu ya marejesho, pamoja na maneno rehani, mdhamini, riba, mtaji na faida, kila moja kwa maana yake kamili. Mfanyabiashara wa zamani alipewa mali kwa kauli yake, naye aliijua kila herufi ya kauli hiyo. Wa leo hutia sahihi karatasi, na yampasa ajue imesema nini kabla ya kushika kalamu.