Omweso, Bao na Vitabu vya Entebbe: Hesabu Iliyoachwa Nje ya Darasa

Vijana wengi wa umri wangu hapa Uganda wanaamini kwamba hesabu ililetwa na wamisionari pamoja na ubao na chaki. Mimi pia niliamini hivyo mpaka siku moja nilipocheza omweso na babu yangu. Yeye hakusoma zaidi ya darasa la pili. Alitazama shimo lenye kete nyingi, akaonyesha shimo jingine kwa kidole, akasema, "Mjukuu wangu, itaishia pale." Alikuwa hajagusa kete hata moja. Niligawa zile kete moja moja, na ya mwisho ikaanguka palepale aliposema. Katika insha hii nitaeleza historia ya mchezo huu, jinsi shule zilivyoupita bila kuutazama, na kwa nini naona jambo hilo lilitugharimu.

Omweso ni mchezo wa Buganda, lakini majirani zetu wote wana ndugu yake. Rwanda wanaucheza igisoro, Burundi wanaucheza ikibuguzo, na pwani ya Kenya na Tanzania kuna bao la Kiswahili. Kanuni zinatofautiana, lakini mwili ni mmoja: safu nne zenye mashimo manane kila moja, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili na kuanza na kete 32. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni na kubakiza 22 mkononi za kunamua. Katika omweso zote 32 hupangwa ubaoni tangu mwanzo, na kila mtu huzipanga anavyotaka. Asiyebaki na shimo hata moja lenye kete mbili au zaidi hana la kufanya. Ameshindwa.

Sasa turudi kwa babu. Upande wake una mashimo 16, na kete huzungushwa kwa kufuata mashimo hayo. Ukichukua kete 5, ya mwisho itaanguka kwenye shimo la tano kutoka ulipoanzia. Ukichukua 16, utazunguka wote na kurudi ulipotoka. Ukichukua 19, utazunguka mara moja kisha utaishia shimo la tatu, kwa sababu 19 ukigawanya kwa 16 unapata 1 na baki 3. Babu hakuwa akibahatisha. Alikuwa akitafuta baki, na alifanya hivyo upesi, maana wapinzani wake hawakumngoja. Zaidi ya hayo, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, huokota zote na kuendelea. Hivyo mchezaji mzuri hufanya hesabu juu ya hesabu, huku akikumbuka ni mashimo gani yameongezeka njiani.

Mchezo huu haukuwa wa vichochoroni tu. Katika Buganda ulichezwa na wakulima chini ya miti, na ulichezwa pia kwa machifu na kwenye makao ya Kabaka. Wageni waliuona. Mwaka 1934 Mwingereza R. S. Shackell aliandika makala kuuhusu katika jarida la Uganda Journal. Baadaye M. B. Nsimbi, mwanahistoria Mganda, aliandika kijitabu kizima kilichotoka mwaka 1968. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba omweso haukujulikana. Ulijulikana kama mila, kama kitu cha kuwekwa katika makumbusho. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902 na Budo mwaka 1906, na katika shule za namna hiyo hesabu ilifundishwa kwa shilingi na pensi za Uingereza. Mchezo ulikuwa jambo la wakati wa mapumziko, na hesabu ilikuwa jambo la kitabu.

Kisha ikaja nafasi ya kurekebisha jambo hilo. Katikati ya mwaka 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba, wataalamu wa hisabati walikutana Entebbe. Walitoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika, na fedha zilitoka Marekani. Kiongozi wao alikuwa Profesa W. T. Martin wa chuo cha MIT. Kazi yao ilikuwa kuandika vitabu vya ile iliyoitwa "hisabati ya kisasa", iliyotilia mkazo seti na kuelewa kuliko kukariri. Vitabu hivyo vilijulikana kwa jina la mji wetu na vilijaribiwa katika nchi nyingi za bara hili.

Nia yao ilikuwa njema. Walitaka mtoto aelewe, si aimbe tu majedwali. Lakini fikra ya kuanzia na seti ilikuwa imezaliwa kwingine, kutokana na shida za shule za kwingine. Entebbe iko ndani ya Buganda, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuwaonyesha wageni mchezo wa mashimo 32. Pamoja na hayo, kilichobeba somo kilikuwa alama mpya ambazo hata walimu wengi walikuwa hawajawahi kuziona. Wazazi walishindwa kuwasaidia watoto. Kenya iliiacha hisabati hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na malalamiko yalikuwa yaleyale: mtoto anajua neno "seti" lakini hawezi kujumlisha bei za sokoni.

Wako walioona tatizo mapema. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walichapisha utafiti wao kuhusu Wakpelle wa Liberia. Waligundua kwamba watu wazima wasiosoma walikadiria idadi ya vikombe vya mchele ndani ya bakuli kwa usahihi kuliko Wamarekani waliosoma. Mwaka 1973 Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hisabati wa Marekani, alitoa kitabu Africa Counts, ambamo michezo ya mashimo na kete imepewa nafasi yake kama hisabati. Ni jambo la kufikirisha kwamba habari za hesabu zetu zilibidi zisafiri hadi New York ndipo zirudi kwetu zikiwa na heshima.

Sisemi kwamba omweso unatosha. Babu alijua baki, lakini hakuweza kuiandika, na nilipomwonyesha kugawanya kwenye karatasi alicheka, akasema ni njia ndefu. Mchezo peke yake haumfikishi mtoto kwenye aljebra. Pia kwa desturi ulikuwa zaidi mchezo wa wanaume, kwa hiyo ukiingia darasani lazima wasichana wakae ubaoni sawa na wavulana. Kazi ya kuunganisha kidole cha babu na karatasi ni ya mwalimu. Mtoto atabiri kwanza kete itakapoishia, kisha agawe, kisha aandike alichofanya. Akikosea, ubao wenyewe utamwonyesha, na hatamwogopa mtu.

Gharama yake si kubwa. Mashimo huchimbwa ardhini kwa dakika chache, na mbegu 64 zinaokotwa bure. Kilichokosekana tangu 1906, na kikakosekana tena 1962, hakikuwa fedha. Ilikuwa ni kuamini kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kuwa anajua hesabu. Mtoto anayeambiwa kwamba hesabu ni ya wageni huingia darasani akiwa ameshindwa kabla ya kuanza. Yule anayejua kwamba babu yake alikuwa akigawanya kwa 16 chini ya mwembe huingia kama mtu anayerudi nyumbani kwao.