Sura ya Mwigizaji katika Kalamu ya Mtunzi

Katika miaka niliyofundisha fasihi chuoni, wanafunzi-walimu waliniuliza swali moja mara kwa mara: mtunzi anapoumba mhusika, je, huwa anamwona mwigizaji fulani aliye hai, au humzua mtu mpya kabisa? Wengi wao waliona kwamba kumtazama mtu halisi ni dalili ya upungufu wa ubunifu. Historia ya tamthilia inatoa jibu jingine. Ushahidi wake umo katika matoleo ya kale ya Shakespeare, mtunzi ambaye Mwalimu Julius Nyerere alitufasiria kazi zake mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Shakespeare hakuwatungia watu asiowajua. Tangu mwaka 1594 alikuwa mwigizaji na mshirika katika kundi moja la maigizo jijini London, akila na kufanya mazoezi pamoja na wale ambao wangeyatamka maneno yake. Katika toleo la Romeo and Juliet la mwaka 1599, mahali ambapo mtumishi Peter anapaswa kuingia jukwaani, maelekezo yanasema kwamba anayeingia ni Will Kemp. Kemp hakuwa mhusika. Alikuwa chale mashuhuri wa kundi hilo. Mwaka uliofuata ilichapwa Much Ado About Nothing, na humo baadhi ya maneno ya askari Dogberry yametanguliwa na jina la Kemp, na ya mwenzake yametanguliwa na jina la Cowley, mwigizaji mwingine. Wataalamu wengi wanaona kwamba matoleo hayo yalichapwa kutokana na rasimu za mtunzi mwenyewe. Ikiwa ndivyo, basi kalamu iliteleza ikaandika jina la mtu aliyekuwa akionekana akilini.

Mfano wa tatu unanipendeza zaidi. Katika Henry IV, sehemu ya pili, iliyochapwa mwaka 1600, askari anayemkamata Doll Tearsheet ameandikwa kwa jina la Sincklo, mwigizaji mdogo wa kundi hilo. Doll anamtukana kwa wembamba wake, tusi juu ya tusi. Ni vigumu kuamini kwamba matusi hayo yalitangulia mwili uliotukanwa. Toleo la mwaka 1623 lililifuta jina la Sincklo, lakini matusi yalibaki, na hadi leo kila kundi linaloigiza mchezo huo hulazimika kumtafuta mtu mwembamba.

Sasa tazameni kilichotokea chale alipobadilika. Karibu na mwaka 1599 Kemp aliliacha kundi, na mwaka 1600 akacheza ngoma njia nzima kutoka London hadi Norwich. Nafasi yake ilichukuliwa na Robert Armin, mwimbaji na mwandishi. Kabla ya hapo, vichekesho vya Shakespeare vilijaa watu kama Dogberry, anayeyang'ang'ania maneno makubwa na kuyapotosha maana bila kujua. Baada ya hapo wakaja chale wenye hekima: Feste anayeimba, na yule wa King Lear anayemwambia mfalme ukweli ambao wengine hawathubutu kuutamka. Kinywa kilibadilika, na lugha ikabadilika nacho.

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Richard Burbage, mwigizaji mkuu wa kundi hilo, ndiye aliyemwigiza Richard wa Tatu, Hamlet, Othello na Lear. Uso ulikuwa mmoja, sauti ilikuwa moja, lakini watu hao wanne hawafanani kwa nia wala kwa usemi. Laiti sura ya mwigizaji ingetosha kumuumba mhusika, Burbage angekuwa ametuachia mhusika mmoja tu. Mwigizaji humpa mtunzi pumzi, kimo na mwendo wa ulimi. Tamaa na majuto ya mhusika hayana budi kutoka kwa mtunzi.

Malenga wenzangu, jambo hili si geni kwetu. Mtunzi wa taarabu anayejua nani ataimba shairi lake huyapima mizani na vina kwa pumzi ya mwimbaji huyo, na hakuna anayemwita mwizi. Shairi likiwa zuri, waimbaji wengine watalirithi. Hicho ndicho kipimo ninachowapendekezea wanaoandika hadithi na tamthilia: mwoneni mtu halisi mkipenda, hata jina lake liandikeni pembezoni mwa rasimu. Kisha mpeni msomaji asiyemjua mtu huyo maneno ya mhusika peke yake. Akimtambua mhusika kwa usemi wake, kazi imesimama. Asipomtambua, mtunzi angali na kazi ya kufanya, kwa maana sura aliyoiona bado imebaki kichwani mwake.