Maria alitafutwa kwenye televisheni

Miye mwenye lisansi ya agronomia na barua za kuomba kazi zimejaa mfukoni, hii historia inanigusa. Mwaka 2006 Andrew Lloyd Webber alikuwa anatafuta mtu wa kucheza Maria katika The Sound of Music. BBC ikafanya mashindano, watazamaji wakapiga kura kwa simu. Akashinda Connie Fisher. Huyo alikuwa amesomea kuigiza, lakini alikuwa anaishi kwa kazi ya kuuza vitu kwa simu. Kumbe hata kule diploma haitoshi! Mwezi wa 11 akapanda jukwaa la London Palladium.

2007 ikawa Lee Mead, 2008 Jodie Prenger. Hapo Kevin Spacey wa Old Vic akalalamika: BBC inaufanyia mchezo wa biashara tangazo la majuma mengi. Alisema kweli. Lakini huku kwetu nimeshafanya testi ya kazi ambapo jina la mshindi lilijulikana tangu jana yake. Afadhali kura ya simu, bwana.

Na wa pili wa 2008? Jessie Buckley. Mwaka 2022 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Oscar.