Motokaa Inayogoma na Njia ya Misafara ya Tabora

Leo tunaendelea na historia ya safari katika nchi yetu. Mwenye kalamu na karatasi aziweke karibu, maana mwishoni iko kazi ya kufanya.

Wengi wenu mko Tabora, Urambo, Nzega na Sikonge. Huko motokaa kuukuu si anasa. Ndiyo inayopeleka asali sokoni na mgonjwa hospitalini. Lakini ina ugonjwa mmoja unaochosha kuliko yote: leo inawaka mara moja, kesho inagoma, na ikifika kwa fundi inawaka tena. Mwenye nayo hununua betri mpya, kisha stata mpya. Fedha zimekwisha, na ugonjwa ungalipo. Hebu tuone historia inatufundisha nini.

Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kiasi cha frasila mbili kila mmoja. Njia hiyo ilipitisha nguo, shanga na pembe za ndovu, na pia ilipitisha watumwa. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, waliikuta njia imekwisha kukanyagwa siku nyingi. Tena Tabora ilikuwa njia panda: moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda.

Sasa fikiri wewe ni mfanyabiashara wa Bagamoyo, unangoja pembe kutoka Ujiji, na hazifiki. Je, utaajiri wapagazi wapya tu? La. Utauliza kituo kwa kituo: zimeondoka Ujiji? Zimepita Tabora? Zimeonekana Mpwapwa? Pale habari inapokatika, ndipo penye shida.

Tuje kwenye motokaa. Mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi ya Afrika, tarehe 1 Mei 1909. Siku zile injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Hendeli ikirudi nyuma ghafula iliweza kuvunja mkono. Lakini mwenye kuizungusha aliisikia injini mkononi mwake: ni nzito, au ni nyepesi.

Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na mzigo ukaanza kushuka bega la mpagazi. Mwaka huohuo kampuni ya Cadillac ya Marekani iliuza motokaa zenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na mkono wa dereva ukapumzika. Ila kazi iliyokuwa ikionekana sasa ilijificha ndani ya nyaya.

Basi tufuate njia ya umeme kituo kwa kituo. Unatoka kwenye betri, unapita vibano vyake, waya mnene na solenoidi, unafika kwenye stata, kisha unarudi kwenye betri kupitia bodi na waya wa ethi. Swichi ya ufunguo ndiyo Tabora yetu, yaani njia panda: moja huita stata, nyingine huenda kwenye koili, distribyuta na plagi. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: stata inazunguka, au haizunguki?

Kama haizunguki, washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi. Tazama betri, vibano na waya wa ethi. Mara nyingi utakuta nati imelegezwa na barabara mbovu, au unga mweupe umekula kibano. Fungua kwanza waya wa hasi, safisha kwa msasa, kaza. Taa zisipofifia hata kidogo, shida iko kwenye swichi, waya mwembamba wa solenoidi, solenoidi yenyewe, au ndani ya stata.

Kama stata inazunguka vizuri na injini haishiki, tafuta cheche na petroli. Ikigoma asubuhi za masika, kausha kifuniko cha distribyuta kwa kitambaa. Ikigoma ikiwa moto na kuwaka ikipoa, ishuku koili, au petroli iliyogeuka mvuke ndani ya bomba. Msimimine petroli kwenye kabureta huku mwenzenu anapiga stata. Moto ukilipuka utaunguza watu.

Jambo kubwa ni kupima wakati motokaa inagoma. Mganga hutafuta vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa, hapimi homa ya juzi. Motokaa iliyokwisha kuwaka haina la kumwambia fundi, isipokuwa wewe umeliandika.

Hii ndiyo kazi yenu. Kila motokaa inapogoma, andikeni mambo manne: saa, hali ya hewa, injini ni moto au baridi, na sauti mliyosikia. Ikigoma mara tatu au nne, linganisheni, kisha mpelekeeni fundi karatasi hiyo kabla hamjanunua kitu chochote.