Shule ya Tabora Ilizaliwa na Vita

Shule ya Wavulana Tabora ilifunguliwa mwaka 1922, na kila inapokumbukwa husifiwa kwa walimu wake hodari na kwa viongozi waliopita madarasani mwake. Sifa hizo ni za haki, ila zinaacha jambo zito nje: shule hii ilizaliwa na vita, na vita vingine vikaigeuza kusudi. Mji wenyewe ulishayajua ya bunduki. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Hapa Waarabu walipigana na Mirambo kuanzia 1871, na hapa Mtemi Isike aliangushwa na Wajerumani mwaka 1893. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, njia iliyobeba pembe na watumwa ikawa tayari kubeba askari. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Wajerumani walihamishia serikali yao Tabora. Katika karakana ya Lulanguru, nje kidogo ya mji, walipiga sarafu za dhahabu ya Sekenke mwaka 1916. Ni sarafu ya rupia 15, ndogo, yenye tembo aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Utawala uliobaki unachapa fedha zake katika karakana ya reli ulikuwa umefika ukingoni, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora.

Hapo ndipo penye mzizi wa shule. Ushirika wa Mataifa ulithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika mwaka 1922, mwaka ule ule ambao shule ilifungua milango. Wajerumani walikuwa wamezoea kutawala kwa maakida na makarani waliosoma katika shule za serikali, kama ile ya Tanga. Waingereza, waliorithi nchi iliyochoshwa na njaa na upagazi, walitaka kutawala kwa gharama ndogo kupitia kwa machifu, sera ambayo Gavana Donald Cameron aliitilia mkazo baada ya kufika mwaka 1925. Wana wa machifu waliletwa Tabora wafinyangwe kwa mtindo wa shule za mabwenyenye wa Kiingereza, wenye viranja na nidhamu kali, kisha warudi makwao kuketi barazani kwa baba zao. Bila kushindwa kwa Mjerumani, shule ya namna hiyo isingekuwa na kazi.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyolivunja lengo hilo. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alisoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, kwa hiyo zaidi ya nusu ya miaka yake pale ilikuwa ya vita. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, waliopelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma, na Unyamwezi haukubaki nyuma. Reli iliyoleta wanafunzi ndiyo iliyochukua askari. Jeshini, mtoto wa mkulima aliweza kuvaa tepe za sajini bila kuulizwa ukoo wake. Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walitangaza Mkataba wa Atlantiki, wenye ahadi kwamba watu wote wachague serikali yao. Mwezi uliofuata Churchill akasema maneno yale yalihusu Ulaya iliyokaliwa na Wanazi. Kijana aliyefundishwa Kiingereza ili amtumikie mtawala alikuwa na uwezo wa kuisoma ahadi, na kukanushwa kwake pia.

Kuna watakaosema kwamba milango ilianza kufunguliwa kwa wasio wana wa machifu katika miaka ya 1930, kabla ya vita, na kwamba Nyerere mwenyewe alikuwa mwana wa mtemi. Ni kweli. Lakini ninachokisema hakihusu nani aliingia. Kinahusu mhitimu alikoelekea. Burito alifariki mwaka 1942, mwanawe akiwa katika mwaka wake wa mwisho Tabora. Kiti cha utemi kilimwendea ndugu yake, Edward Wanzagi. Julius alikwenda Makerere mwaka 1943, na mwaka huo huo barua yake kuhusu ujamaa wa Kiafrika ilitoka katika gazeti la Tanganyika Standard. Hayo siyo yaliyokusudiwa mwaka 1922.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi: vita vilileta kazi za kulazimishwa katika mkonge na mpira, na vile vya kwanza viliua wapagazi kwa maelfu mengi, hata jina la Kariakoo, Dar es Salaam, likabaki kutoka kwenye kikosi chao. Je, ni halali kuvihesabia vita faida? Sivihesabii. Nasema tu kwamba historia ya shule inayowataja mawaziri na kuwasahau wapagazi wa Unyamwezi inaanzia katikati, maana mzigo waliobeba ndio uliompa Mwingereza nchi ya kujengea shule.

Alipohitimu Makerere, Nyerere aliitwa kufundisha na shule mbili za Tabora: ile ya serikali iliyomlea na ya wamisionari, Mtakatifu Maria. Akachagua Mtakatifu Maria. Alikuwa akifundisha huko Desemba 1946, Umoja wa Mataifa ulipoichukua Tanganyika chini ya udhamini wake, na nje ya darasa alikuwa katibu wa tawi la Tabora la Chama cha Waafrika wa Tanganyika.