Kurudisha Kinywa Kilichoharibika: Tangu Pua ya Arfaja hadi Meno ya Bandia



Ndugu wasomaji, wapo wazee wetu hapa Paya, na kule Busia mpakani, walioacha kusoma Qur'ani kwa sauti. Tatizo si macho, ni meno. Herufi fa hutoka pale ncha za meno ya juu ya mbele zinapogusa mdomo wa chini. Tha na dhal nazo huhitaji ulimi uguse meno hayo hayo. Yakiondoka, herufi zinapotea, na mzee anaona haya mbele ya wajukuu. Akiambiwa akatengenezewe meno, anauliza: je, huko si kubadilisha maumbile ya Allah?

Tumeona turudi kwenye historia.

Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahiliya. Akavaa pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu. Habari hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Dhahabu, ambayo mwanamume amekatazwa kujipamba nayo! Hapo ndipo wanazuoni walipopata hoja ya kuruhusu kufunga meno kwa dhahabu. Ama hadithi inayowalaani wanaojitenganisha meno, yenyewe imetaja sababu, nayo ni kutafuta urembo. Aliyevunjika meno anatafuta tiba.

Waislamu wa zamani hawakuishia kwenye fatwa. Huko Andalusia, tabibu Al-Zahrawi, aliyefariki mnamo 1013, aliandika Kitab at-Tasrif chenye sehemu 30. Humo alichora vyuma vya kukwangua ukoga uliogeuka jiwe, akasema kazi hiyo irudiwe siku nyingine mpaka meno yatakate. Alionya daktari asikimbilie kung'oa, kwani maumivu humdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima badala ya bovu. Meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu, na penye pengo alieleza kuweka jino lililochongwa kwa mfupa wa ng'ombe.

Na sisi huku? Tuseme kweli, tumevunja vinywa kuliko tulivyovijenga. Waluo wa Kenya, jamaa za Wapadhola, waling'oa meno sita ya chini kama alama ya utu uzima. Hilo lilifanywa kwa mtu aliyekwisha kukua. Baya zaidi ni lile la watoto wachanga. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Pindborg, aliandika kuhusu Waacholi kuwachimbua watoto meno ya chonge kwenye ufizi, kwa kuamini ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Tanzania waliyaita meno ya plastiki. Chombo kichafu humwingizia mtoto maradhi, na jino la ukubwani lililo chini yake huweza kuota limepinda au lisiote kabisa. Mama mpendwa, mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya zahanati, pamoja na daktari; ufizi wake uacheni.

Waganga wa meno wenye shahada hawakuwa wakifundishwa kwetu mpaka juzi tu: Nairobi ilianza mwaka 1974, Muhimbili 1979, Makerere 1982. Kabla ya hapo, kwa wengi, tiba ya jino ilikuwa koleo.

Leo kinywa kilichobomoka hutengenezwa kwa mpango, na mpango huo hauko mbali na ule wa Al-Zahrawi. Kwanza huondolewa usaha na maumivu, na vipande vya mizizi visivyofaa hung'olewa. Kisha ufizi husafishwa. Meno yanayookoleka huzibwa au husafishwa mzizi na kuvikwa kofia. Mwisho ndipo huja daraja au meno ya bandia. Wengi hukasirika hapo katikati, wakidhani daktari anawazungusha. Lakini baada ya kung'oa, mfupa hunywea kwa wiki na miezi, na meno ya bandia yaliyowahishwa hulegea mapema. Tangu 1965, Brånemark wa Sweden alipompandikizia mgonjwa mizizi ya titani, pengo laweza hata kupata mzizi mpya, ingawa gharama yake ni kubwa kwa familia nyingi za mpakani.

Kwa mzee wetu, meno ya kuvaa na kuvua yanatosha. Ayazoee kwanza kwa kusoma Al-Fatiha polepole, na usiku ayavue, ayasugue na kuyalaza ndani ya maji safi.

Wallahu a'lam.